Mzee Chande wa Bukene

Ukishuka daladala hapa Butimba ukaelekea lilipo geto letu, kuna nguzo ya umeme ambayo haijawahi kukosa karatasi. Mganga wa mapenzi, chumba cha kupanga, dawa ya nguvu, na ile maarufu: jiunge na Freemason, utajiri ndani ya siku saba, piga namba hii. Muhula uliopita mwenzangu wa chumba alipiga. Akatakiwa atume hela ya fomu, kisha ya kafara, kisha ya kusafirishia hizo pesa zake. Bumu likaisha, namba ikawa haipatikani, tukala dagaa wa kukopa mpaka mitihani.

Hapo ndipo nikaanza kumsoma Andy Chande. Kama kuna Mtanzania aliyejulikana waziwazi kuwa Freemason, ni yeye. Utotoni wengi wetu tulitishiwa naye bila hata kujua sura yake.

Jina kamili ni Jayantilal Keshavji Chande. Alizaliwa Mombasa Mei 1928, mwaka uleule ambao reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Akakulia Bukene, kituo kidogo cha reli hiyohiyo. Ukipanda treni hapa Mwanza kwenda Tabora lazima ukipite. Kwao walikuwa wafanyabiashara. Alisoma India, akarudi, akaingia kwenye kampuni ya familia, Chande Industries, yenye viwanda vya kusaga nafaka.

Halafu ikaja 1967. Siku chache tu baada ya Azimio la Arusha, serikali ikataifisha viwanda vya kusaga, vya kwao vikiwemo. Jiweke pale: una miaka 38, asubuhi una kiwanda, jioni huna. Wahindi wengi wa rika lake walifunga mizigo miaka ile, wengine Uingereza, wengine Kanada. Chande akabaki. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikamwomba aongoze Shirika la Usagishaji la Taifa, lile ambalo wazazi wetu wanaliita NMC, naye akakubali. Yaani akawa mwajiriwa kwenye mashine ambazo jana zilikuwa za kwao. Mimi ningesusa, nasema ukweli.

Freemason alijiunga akiwa kijana, kabla ya Uhuru, na baadaye akawa mkuu wa loji zote za Afrika Mashariki zilizo chini ya Uingereza. (Loji ni kikundi chao cha mahali fulani, si ile ya kulala wageni ya stendi.) Chama hicho kilianza kuwa na uongozi mmoja London mwaka 1717. Kuingia lazima useme unamwamini Mungu, upendekezwe na wanachama, upigiwe kura. Na hili ndilo nilimsomea mwenzangu mara mbili: anayeingia anatakiwa kutamka kwamba hajafuata faida ya pesa. Badala ya kupewa, anatoa. Kuna kiingilio, kuna ada ya kila mwaka, na kwenye vikao unapitishwa mchango wa kusaidia wenye shida.

Sasa Chande alikuwa fundi wa kuchangisha. Hakuifanya kazi hiyo kwa Freemason peke yao. Alikuwa Rotary pia, na Round Table, na aliwajua matajiri wa Dar kwa majina. Kwa miaka mingi aliongoza Shule ya Viziwi Buguruni, iliyoanzishwa 1974, na bodi ya Shule ya Sekondari Shaaban Robert. Sisi wa ualimu tunajua darasa la watoto viziwi linataka nini: walimu waliosomea, vifaa, watoto wachache kwa mwalimu mmoja. Vyote ni hela, kila mwaka, hata pale ambapo hakuna mgeni wa kupiga naye picha. Malkia Elizabeth II alimpa nishani, ndiyo maana watu wakamwita Sir Andy.

Simsafishi. Chama kinachofunga mlango na kuwa na alama za siri kisishangae mtaa ukijaza wenyewe kilichomo ndani. Ile nguzo yetu inaishi kwa siri hiyo. Nadhani mzee mwenyewe alilijua hilo, kwa sababu uzeeni alizungumza na magazeti kuhusu Freemason bila kujificha, na mwaka 2005 alitoa kitabu cha maisha yake ambacho jina lake linaitaja Bukene.

Alifariki Nairobi Aprili 2017, akiwa na miaka 88. Nilikuwa shule ya msingi. Habari iliyotufikia uwanjani ilikuwa kwamba mkubwa wa Freemason amekufa, na tukaanza kubishana nani atarithi majini yake. Buguruni hakuna aliyeitaja.