James Hutton na Jiwe Jekundu

James Hutton alizaliwa Edinburgh, mji wa Scotland, mwaka 1726. Alisomea utabibu, lakini akashika kulima shamba alilorithi kwa baba yake. Huko akaona mvua ikichukua udongo kidogo kidogo hata baharini. Akawaza, mbona milima haijaisha? Sharti iko nguvu iinuayo nchi mpya, nayo ni moto ulio chini ya ardhi.

Wataalamu wengi wakakataa. Walisema ya kuwa itale, jiwe gumu la milimani, lilifanyika katika maji ya bahari ya kale, kabla ya mawe mengine yote.

Basi mwaka 1785, naye ana miaka 59, Hutton akaenda bonde la Glen Tilt. Mtoni akakuta itale jekundu limepenya ndani ya mawe meusi kama mishipa, limeyapasua. Jiwe lililopenya hivyo lilikuwa majimaji ya moto, tena lilikuja nyuma ya lile lililopenywa. Akashangilia mno, hata waongozi wake wakadhani ameona fedha au dhahabu.

Alikufa mwaka 1797. Wapinzani walikuwa wakisema kwamba jiwe likiyeyuka hugeuka kioo. Rafiki yake, James Hall, akayeyusha mawe meusi tanuruni, akayaacha yapoe polepole. Yakawa mawe tena.