Pasteur na Haki ya Mtoto Aliyeumwa na Mbwa

Mzazi wa Kariakoo ambaye mwanawe ameumwa na mbwa katika vichochoro vya Msimbazi au Jangwani anayo leo njia ya kumwokoa. Njia hiyo haikuwepo kabla ya mwaka 1885, na aliyeifungua ni Mfaransa Louis Pasteur, aliyefariki dunia tarehe 28 Septemba, 1895. Siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Twaona yafaa kuyakumbuka maisha yake, kwani yana swali zito juu ya haki ya mtoto.

Pasteur alizaliwa mwaka 1822 katika mji wa Dole, akiwa mtoto wa mtengeneza ngozi. Alipokuwa na umri wa miaka minane, mbwa mwitu mwenye kichaa aliwashambulia watu karibu na mji wa Arbois alikolelewa. Walioumwa walipelekwa kwa mhunzi kuchomwa vidonda kwa chuma cha moto. Hayo ndiyo yaliyokuwa matibabu ya zama zile.

Alisomea kemia, wala hakuwa daktari. Alionyesha kwamba kuchachuka kwa mvinyo na kuoza kwa vitu ni kazi ya vijidudu visivyoonekana kwa macho, akaifungua njia ya kuyaelewa magonjwa. Watatu kati ya watoto wake watano walifariki wakiwa bado wadogo. Mwaka 1868 alipatwa na kiharusi, lakini hakuiacha kazi.

Katika kutafuta kinga ya kichaa cha mbwa, alikausha uti wa mgongo wa sungura walioambukizwa, na nguvu ya ugonjwa ikawa inapungua siku hadi siku. Alikuwa bado akiwajaribu mbwa wakati alipoletewa, Julai 1885, mtoto wa miaka tisa kutoka Alsace, Joseph Meister, mwenye majeraha mengi. Kwa kuwa Pasteur hakuwa na idhini ya kutibu, sindano zilichomwa na Daktari Grancher. Msaidizi wake mkuu, Roux, alikataa kushiriki. Mtoto akabaki mzima.

Je, alitenda haki? Si kila anayeumwa na mbwa mwenye kichaa hupata ugonjwa, kwa hiyo hatari ya kumwambukiza mtoto ambaye angesalimika ilikuwapo. Tena madaftari yake, ambayo wataalamu waliruhusiwa kuyasoma katika miaka ya 1970, yalidhihirisha kwamba utaratibu aliomtumia Meister haukuwa umekamilishwa kujaribiwa kwa mbwa. Hatuna budi kulisema hilo bila kuficha, kwani sifa ya mtu mkuu haijengwi kwa kufunika makosa yake.

Lakini yupo mtoto wa pili, Louise Pelletier, wa miaka kumi, aliyeletwa Novemba mwaka ule ule, zaidi ya mwezi mmoja baada ya kuumwa. Pasteur alijua kwamba wakati umepita, na kwamba kifo chake kingewapa wapinzani silaha. Hata hivyo hakumfukuza. Mtoto yule alifariki. Kwa maoni yetu, hapo ndipo utu wa Pasteur ulipojidhihirisha kuliko pale aliposhinda.

Leo swali limegeuka. Pasteur aliulizwa kama ni halali kumpa mtoto dawa isiyothibitishwa. Sisi tutaulizwa kama ni halali kumkosesha mtoto dawa iliyothibitishwa. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo tunawasihi wazazi: jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na sindano zote zikamilishwe. Wenye mbwa wawapeleke kuchanjwa. Asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Na wenye dhamana ya afya wahakikishe kwamba bei ya chanjo haiwi ukuta kati ya mtoto wa mchuuzi na uhai wake. Pasteur hakumpima Louise kwa uwezo wa baba yake. Nasi tusiwapime watoto wetu hivyo.