Kiichiro Toyoda, Mtengenezaji wa Magari

Ndugu msomaji, ukipita Kwihara, karibu na mji wa Tabora, utaona magari yenye jina Toyota. Jina hilo limetokana na ukoo wa Toyoda wa Japani.

Zamani mizigo ya vitambaa na pembe za ndovu ilipita hapa mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1872 msafiri Livingstone alikaa Kwihara miezi mingi, akingoja wapagazi kutoka pwani.

Kiichiro Toyoda alizaliwa mwaka 1894. Babu yake alikuwa seremala. Baba yake, Sakichi, alibuni mashine ya kufuma vitambaa. Uzi ukikatika, mashine ilisimama yenyewe.

Kiichiro alitaka kutengeneza magari. Yeye na wenzake walifungua gari la Marekani, wakachunguza kila kipande. Mwaka 1935 walitoa lori lao la kwanza. Lori hilo liliharibika mara kwa mara njiani. Hawakukata tamaa. Walitafuta kosa, wakalirekebisha. Mwaka 1937 kampuni ya magari ya Toyota ilianzishwa.

Mwaka 1950 kampuni ilikuwa na madeni makubwa. Wafanyakazi wengi waliachishwa kazi. Kiichiro alikuwa mkuu wao. Alikubali kubeba lawama, akajiuzulu. Alifariki mwaka 1952, kabla magari ya Toyota hayajaenea Afrika.

Wapagazi walibeba mizigo mabegani. Kiongozi naye ana mzigo wake. Je, ndugu msomaji, chama chenu cha ushirika kikipata hasara, kiongozi afanye nini?