Carl Akeley, mwindaji aliyeomba gorila walindwe

Kule Kivu ya Kaskazini, juu ya mlima Mikeno, kuna kaburi la Mmarekani mmoja. Jina lake Carl Akeley. Sisi wa Kasongo na Kabambare tumesikia sana habari za mbuga ya Virunga, ile ya gorila. Lakini wengi hatujui kama ilianzia kwa mwindaji.

Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864, katika jimbo la New York, kwa wazazi wakulima. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa na kuzivalisha sanamu, mpaka mtu akitazama anaona kama mnyama yuko mzima. Majumba ya makumbusho ya Milwaukee, Chicago na New York yalimpa kazi hiyo. Na ngozi haipatikani bila kuwinda, njo maana akafika Afrika. Mwaka 1896, kule Somalia, chui aliyejeruhiwa alimrukia, naye akamuua kwa mikono mitupu. Mwaka 1910 tembo alimponda kwenye mlima Kenya, karibu afe. Bibi yake wa wakati ule, Delia, njo alimfuata porini na kumuokoa.

Mwaka 1921 alikuja Kongo. Alitaka gorila wa milimani kwa ajili ya makumbusho ya New York. Yeye na wenzake waliua watano. Lakini alipokaa kule Mikeno akiwatazama na kuwapiga picha za sinema, aliona ni wanyama wapole, wanaishi kwa familia, tena hawako wengi. Aliogopa kwamba wawindaji kama yeye wakiendelea kuja, watawamaliza wote.

Aliporudi kwao, akaanza kusumbua wakubwa wa Ubelgiji. Mfalme Albert wa Kwanza alikuwa ametembelea mbuga za Marekani mwaka 1919, basi alisikia maneno hayo vizuri. Tarehe 21 Aprili 1925 amri ikatoka: Mikeno na milima ya jirani ikawa Parke Albert, ambayo leo tunaita Virunga. Ilikuwa mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika.

Mwaka 1926 Akeley alirudi na bibi yake wa pili, Mary. Safari hii walikuja kuchunguza gorila na mazingira yao. Njiani aliugua, na baridi ya mlimani ikamzidi. Akafariki tarehe 17 Novemba 1926, na miaka 62. Wakamzika pale pale.

Amri ile ilisaidia gorila. Katika milima ya Virunga, upande wa Kongo, Rwanda na Uganda pamoja, mwaka 1981 walihesabiwa 254. Katika hesabu ya mwaka 2015 na 2016 walifika 604. Lakini ilitungwa Ulaya, na wenyeji hawakuulizwa kitu. Kuanzia mwaka 1929 mbuga ilipanuliwa sana, na watu wakatolewa kwenye mashamba yao na mapori walimotafuta nyama na kuni. Mgogoro ule haujaisha hata leo, na walinzi zaidi ya 200 wamekwisha kuuawa katika mbuga ile.

Kwetu Maniema habari hii inatugusa. Tangu mwaka 2016 tuna mbuga ya taifa ya Lomami, ambayo tunashiriki na jimbo la Tshopo. Akeley alijua kuomba juu ya wanyama, na aliomba vizuri. Juu ya watu waliokuwa wanaishi pembeni yao, hakuna aliyekwenda kwa mfalme. Basi siku wanapokuja kuchora mipaka ya pori karibu na kijiji chako, uwe pale, na machifu wawe pale, na mambo yaandikwe: shamba liko wapi, njia ya mto iko wapi, nani atapata kazi. Amri ikishatoka, kuirudisha ni kazi ngumu.