Sheikh Al-Amin Mazrui na Nasaba ya Wazee Wake

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891, miaka 54 baada ya Seyyid Said kuuondoa ukoo wake madarakani. Ukubwani aliwaandikia Waislamu wa pwani kwa Kiswahili katika magazeti ya Sahifa (1930) na Al-Islah (1932), na mwaka wa 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kadhi huamua mirathi, na mirathi haigawiki pasi na nasaba. Haishangazi basi kwamba ni yeye aliyekusanya habari za Mazrui, tangu asili yao Omani hadi walipotawala Ngomeni. Ila aliziandika kwa Kiarabu, tena akiwa mzawa wa walioshindwa, jambo ambalo msomaji hana budi kulizingatia. Alifariki mwaka wa 1947. Mswada wake ulichapishwa mwaka wa 1995, na tafsiri iliyoandamana nao ni ya Kiingereza.