Mirza Ghulam Murtaza na Urithi Uliopotea

Ndugu msomaji, huenda nawe, siku ulipoitikia mwito wa haki, ulinyimwa shamba la baba yako au ukatengwa na jamaa zako. Au labda ungali unatafuta, nawe wahofia kwamba ukiikubali kweli riziki yako itakatika. Basi zisikilize habari za mzee mmoja aliyepokonywa urithi, akaudai maisha yake yote, na mwisho akatambua urithi ulio bora. Mzee huyo ni Mirza Ghulam Murtaza, baba yake Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s.

Wazee wake walitoka Samarkand mnamo mwaka 1530, zama za Mfalme Babur, wakiongozwa na Mirza Hadi Beg. Walijenga mji katika Punjab, nchi ya Uhindi, nao ukaja kuitwa Qadian kutokana na cheo cha ukadhi alichopewa mzee huyo. Ukoo ukatawala vijiji vingi. Mirza Gul Muhammad, babu yake Mirza Ghulam Murtaza, alisifika mno kwa ukarimu, hata wanavyuoni na maskini kwa mamia wakawa wanakula chakula chake.

Lakini dola ya Wamogoli ilipodhoofika, Makalasinga wa Ramgarhia walivinyakua vijiji hivyo kimoja baada ya kimoja. Katika wakati wa Mirza Ata Muhammad ulibakia mji wa Qadian peke yake, nao pia ukatekwa. Maktaba ya ukoo ikachomwa moto, na familia ikafukuzwa, ikapata hifadhi Begowal katika nchi ya Kapurthala. Mirza Ata Muhammad akafia huko ugenini. Mwanawe Ghulam Murtaza, angali kijana, hakukubali baba yake alale katika ardhi ya wageni. Aliuchukua mwili wake hadi Qadian, akamzika penye makaburi ya wazee wao.

Tena ikafuata miaka ya ufukara mkubwa. Mjukuu wa mtu aliyelisha mamia alisafiri kwa miguu mpaka Delhi kujifunza utabibu. Baadaye aliingia katika jeshi la Maharaja Ranjit Singh, naye akamrudishia vijiji 5 vya wazee wake. Mwaka 1835 akazaliwa Hadhrat Ahmad a.s., na tangu hapo dhiki ya nyumba ile ikaanza kupungua.

Hata hivyo, Waingereza walipoitwaa Punjab mwaka 1849, haki nyingi za ukoo juu ya ardhi zilifutwa, na mahali pake ikawekwa pensheni ya rupia 700. Mirza Ghulam Murtaza akafungua kesi mahakamani, tena na tena. Zikateketea rupia 70,000 hivi, naye hakufanikiwa.

Usidhani, ndugu yangu, kwamba alikuwa bahili. Alikuwa tabibu hodari, naye aliwatibu watu bila kudai malipo. Kilichomtafuna moyo ni heshima ya wazee wake iliyopotea. Alimtuma mwanawe Ahmad kufuatia kesi hizo, naye alikwenda kwa utii, ila moyo wake ulikuwa msikitini. Na kesi iliposhindwa alirudi na uso mkunjufu, kwa kuwa sasa amepata nafasi ya kumkumbuka Mola wake. Baba alisikitika akidhani kijana huyu hataweza kujitafutia riziki. Lakini kwa siri alimwonea kijicho chema, akijua kwamba njia aliyoishika ndiyo iliyo sawa.

Katika uzee wake alijuta sana kwa umri alioutumia kuifukuzia dunia. Basi kiwanja kimoja katikati ya Qadian kilipopigwa mnada, alikinunua kwa rupia 700, ingawa thamani yake ilikuwa ndogo, akajenga msikiti. Akaonyesha pembeni mwake mahali pa kaburi lake, ili jina la Mwenyezi Mungu litajwe karibu naye daima. Alifariki mwezi wa Juni 1876, msikiti ukiwa umekwisha simama, akazikwa hapo hapo. Msikiti huo ndio Masjid Aqsa ya Qadian.

Siku ile ya kifo, Hadhrat Ahmad a.s. aliingiwa na wasiwasi kuhusu maisha, maana sehemu ya mapato ya nyumba ilitegemea uhai wa baba yake. Papo hapo Mwenyezi Mungu alimfariji kwa ufunuo, kwamba Yeye anamtosha mja Wake. Maneno hayo aliyachora katika pete. Na kweli yakatimia: vile vijiji havikurudi, lakini katika Qadian ile ile likafunguliwa jiko la wageni, na mamia, kisha maelfu, wakala hapo kama zamani za Mirza Gul Muhammad, bali zaidi.

Basi, ndugu msomaji, iwapo umenyimwa shamba kwa ajili ya imani yako, dai haki yako kwa njia ya halali, lakini usiufuje umri wako wote katika dai hilo. Baba alidai kwa wanadamu, akarudi mikono mitupu. Mwana alimwelekea Mungu, akatoshelezwa. Mwenyezi Mungu atujalie kuutambua urithi huo mapema, kabla ya uzee na majuto. Amin.