David Rittenhouse, fundi wa saa aliyesimamia dola za kwanza

Ndugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu, safari hii tunawaletea maisha ya David Rittenhouse, mtu wa Marekani. Wengi wanamjua juu ya elimu ya nyota. Sisi tutazame zaidi kazi yake ya feza.

Alizaliwa tarehe 8 Aprili 1732 karibu na Philadelphia, wakati nchi ile ilikuwa ingali koloni ya Uingereza. Masomo ya shule hakupata mingi. Lakini mjomba wake, fundi wa mbao, alipokufa aliacha sanduku la vyombo pamoja na vitabu vya hesabu. Kijana akajifundisha mwenyewe, akawa fundi wa saa. Tarehe 3 Juni 1769 alitazama sayari Zuhura ikipita mbele ya jua, na vyombo vingine vya kazi ile alivitengeneza kwa mikono yake.

Mwaka 1792 Rais George Washington alimweka kuwa direkta wa kwanza wa kiwanda cha kupiga feza ya serikali, ku Philadelphia. Alikuwa na miaka 60, tena mwili wake ulikuwa zaifu. Shida ikaanza mara moja. Sheria ilidai wakubwa wawili wa kiwanda waweke kila mmoja zamana ya dola 10,000 mbele ya kushika zahabu na feza. Watoe wapi? Basi mwaka 1793 walipiga sarafu za shaba tu. Bunge likapunguza zamana mwaka 1794, na tarehe 15 Oktoba dola 1,758 za feza zikatoka. Mashini ilikuwa ndogo kwa kipande kikubwa vile, kwa hiyo nyota za upande wa kushoto hazikutokea vizuri.

Sasa, ndugu, tuangalie kazi yenyewe. Sarafu inapigwa katikati ya mihuri miwili ya chuma. Herufi, nyota na namba za mwaka zilitiwa ndani ya muhuri moja moja, kwa nyundo. Muhuri ukipasuka, wanatengeneza mwingine, nao hauwezi kufanana na wa kwanza sawasawa. Hapa nyota inakaribia herufi, pale iko mbali. Ndiyo sababu nusu-dola za mwaka 1795 ziko za namna zaidi ya 30! Hata ufa wa muhuri unaonekana juu ya sarafu kama mstari mwembamba, na namna unavyokua inaonyesha kipande gani kilitangulia.

Wakati ule hakuna aliyejali mambo haya. Lakini mwaka 1881 John W. Haseltine, mfanyabiashara wa sarafu ku Philadelphia, alichapisha orodha ya namna hizo, na mwaka 1967 Al C. Overton alitoa kitabu juu ya nusu-dola. Mpaka leo wenye kukusanya sarafu wanazitafuta kwa kioo cha kukuzia. Mwaka 2013 moja ya zile dola za 1794 iliuzwa zaidi ya dola milioni 10.

Tusifiche kosa lake. Sheria ilisema kila sehemu 1,664 za sarafu ziwe na feza safi 1,485. Rittenhouse akakubali shauri la mpimaji wake, Albion Cox, wakatia 900 katika 1,000, ni kusema zaidi ya sheria. Sarafu ilikuwa nzuri, lakini watu walioleta feza yao kiwandani walirudishiwa dola chache kuliko haki yao. Kumbe hata mtu mwaminifu, akiacha kipimo kilichowekwa, anaweza kumpunja mwenzake.

Alitoka kazini mwaka 1795, akafa tarehe 26 Juni 1796.

Sisi wanafunzi tunajifunza nini? Wale mafundi hawakujua kwamba nyota iliyogongwa kombo itasomwa miaka 200 nyuma yao. Hata daftari zetu na kazi zetu za atelie zinabeba alama ya mikono yetu. Basi tupige nyundo kwa uangalifu.